Asilimia 36 si alama ya mtihani

Nimeulizwa tena. Safari hii ni mhamasishaji wa afya ya jamii kutoka Nyakach, mama mwenye akili kali, aliyeinua mkono hata sijamaliza kueleza jedwali la kwanza, lile linalosema chanjo ya malaria ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 36. “Daktari, thelathini na sita si ni kufeli? Mtoto akiniletea hiyo nyumbani hatalala vizuri.” Darasa zima likaangua kicheko. Mimi si daktari, kazi yangu ni takwimu, lakini hapa Kisumu ukionekana umeshika slaidi mara moja tu umeshapandishwa cheo. Nilicheka nao, kisha nikanuna mpaka chai ya saa nne ikapoa, kwa sababu swali hilo hilo nimelisikia kwa wauguzi, kwa mzee wa kanisa, na kwa watu wanaosimamia bajeti za afya. Mama huyu sina neno naye. Hao wengine wamelipwa kuelewa.

Namba yenyewe ilikotoka, haraka haraka. Ni jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S, 2009 hadi 2014: watoto 15,459, vituo 11, nchi 7. Kenya ilikuwa na vituo vitatu, Kilifi kule pwani, na huku kwetu Kombewa na Siaya. Watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi zote nne walifuatiliwa kwa takriban miaka minne, na malaria kwao ikapungua kwa asilimia 36 kulinganisha na wenzao wasioipata. Wenzao hao, kwa wale wanaoapa kwamba walidungwa maji, walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu wanaponitoa jasho. Wengi husoma hivi: kati ya watoto 100, 36 wamekingwa kabisa na 64 wameachwa wazi kama hawakuchanjwa. Sivyo. Kilichopungua ni mara za kuugua. Tuchukue mfano wa kubuni: watoto 100 wa kijiji kimoja karibu na ziwa, kila mmoja anaugua malaria mara tatu kwa mwaka. Hizo ni mara 300. Punguza asilimia 36, zinabaki 192. Umezuia mara 108 kwa watoto 100. Na bado inawezekana kila mmoja wao ameugua angalau mara moja! Nenda nyumba kwa nyumba uulize, “Mama, mtoto alichanjwa?” Ndiyo. “Aliugua malaria?” Ndiyo. Akina mama wote 100 watakujibu hivyo, hakuna hata mmoja anayesema uongo, nawe utarudi ofisini kuandika kwamba chanjo ni bure. Ile mara ya pili au ya tatu ambayo haikutokea, hakuna mama anayeweza kukusimulia. Hakukesha usiku huo, hakutafuta bodaboda, hakuuza kuku.

Ndiyo maana matokeo ya jaribio lile yana mstari ambao wanafunzi wangu hudhani mchapaji amekosea: kwa kila watoto 1,000 waliopata dozi nne, visa 1,774 vya malaria vilizuiwa. Visa vingi kuliko watoto. Na huo ni wastani wa vituo vyote. Siaya, ambako mbu hawana likizo, kila watoto 1,000 waliepushiwa visa vingi mno kuliko Kilifi. Asilimia peke yake haikuonyeshi hilo. Ukiniuliza mimi, ningeifungia kabatini na kuwaachia watu hesabu ya visa.

Tena hata hicho kisa kimoja si kitu kinachookotwa barabarani. Kwenye jaribio, mtoto alihesabiwa ana malaria akiwa na joto la kwapani la nyuzi 37.5 au zaidi, na vimelea zaidi ya 5,000 kwa kila mikrolita ya damu. Vimelea hivyo vinahesabiwa na mtu. Tone la mafuta juu ya kioo chenye damu, jicho kwenye hadubini, kidole kwenye kihesabio: vimelea huku, chembe nyeupe za damu kule, mpaka chembe nyeupe zifike 200. Msomaji wa pili anarudia bila kuonyeshwa alichoandika wa kwanza. Wakipishana sana, anaitwa wa tatu. Kiwango kimewekwa juu kwa sababu huku kwetu mtoto anaweza kucheza mpira akiwa na vimelea damuni na asiwe mgonjwa. Shusha kiwango, na ile 36 nayo itasogea.

Halafu kuna wale wa “ile chanjo mpya ya malaria, R21, ina 75, yenu ina 36.” Jamani. Ile 75 ni ya miezi 12, sehemu ambazo malaria huja kwa msimu na watoto huchanjwa msimu ukikaribia. Penye malaria mwaka mzima jaribio hilo hilo lilipata 68. RTS,S nayo katika mwaka wake wa kwanza ilikuwa karibu 56. Unalinganishaje mwaka mmoja na miaka minne?

Msifikiri naiuza kama dawa ya muujiza. Kinga inapungua, na inapungua haraka. Kuna watoto wa Kilifi waliopata dozi tatu katika jaribio la awali wakafuatiliwa miaka saba. Kufikia mwaka wa tano, wale wa sehemu zenye mbu wengi waliugua zaidi ya wenzao ambao hawakuchanjwa. Maelezo ya kawaida ni kwamba mtoto aliyekingwa mapema hachelewi tu kuugua, anachelewa pia kujenga kinga yake mwenyewe. Inawezekana. Mimi bado jambo hili linaninyima raha, na naona kwenye mafunzo tunalipita mbio mno. Dozi ya nne ndiyo iliyokusudiwa kuziba pengo hilo, nasi tumeiweka mtoto akiwa na miezi 24, wakati mama ameshazoea kwamba kliniki ni ya watoto wachanga.

Nje ya jaribio, chanjo ilianza kutolewa Homa Bay Septemba 2019, katika mpango wa majaribio uliogusa kaunti nane za magharibi. Ghana, Kenya na Malawi zikiwekwa pamoja, vifo vya watoto wa rika la chanjo, vya sababu yoyote isipokuwa ajali na majeraha, vilipungua kwa asilimia 13. Tayari nimeshasikia mtu akisema “kumi na tatu tu.”

Kwa mnaoshika rejista vijijini: msiniletee “alichanjwa, akaugua.” Andikeni ameugua mara ngapi tangu dozi ya mwisho, amepata dozi ngapi, tarehe kama zilivyo kwenye kijitabu cha kliniki, na kama analala ndani ya neti. Neti muhimu, kwa sababu kwenye jaribio wengi wa makundi yote mawili walikuwa wakilala ndani yake. Ile 36 ilipatikana juu ya neti, na anayetupa neti kwa sababu mtoto amechanjwa hana haki ya kuidai.