Nyumba ya likizo si makazi

Juzi tena nimeona video ya utalii. Mtu kasimama mbele ya Greenway, kule Devon, Uingereza, anasema, "haya ndiyo yalikuwa makazi ya Agatha Christie," yule mwandishi wa riwaya za upelelezi. Nimeshachoka kulisikia hili.

Nyumba ya likizo ni nyumba ya pili ya mtu, anayoiendea akishaweka kazi kando. Basi. Si gesti, na si lazima iwe ndogo.

Neno lenyewe lina utamu zaidi. Likizo linatokana na kulikiza, na kulikiza ni kumwachisha mtoto ziwa. Mama anapaka shubiri kwenye chuchu, mtoto anaonja, anakunja uso, analia. Lakini hahami kwa mama! Maofisi yalipolichukua neno yalibaki na maana hiyohiyo: unaachishwa kazi kwa muda, kwako ni palepale. Makazi yanatoka kwenye kukaa, na kukaa ni mvua na jua, pale barua zinapokukuta.

Sasa Greenway. Christie na mumewe Max Mallowan, mwanaakiolojia, waliinunua 1938 kwa pauni 6,000: jumba jeupe juu ya mto Dart, bustani ikiteremka mpaka kwenye banda la mashua, ambamo baadaye alimuulia mtu (riwayani, jamani). Wakati wa vita serikali iliichukua, wakakaa humo walinzi wa pwani wa Marekani. Mmoja wao alichora safari za kikosi chao kuzunguka kuta za maktaba, na mchoro unaishia kwenye Greenway yenyewe. Christie aliporudishiwa nyumba aliuacha. Kilichomkera ni msururu wa vyoo walivyomwachia. Amani iliporudi, familia ilikuwa ikikusanyika pale kiangazi, naye akiwasomea mswada mpya jioni, wabahatishe muuaji ni nani.

Nadhani kinachowachanganya watu ni mto. Maana makazi yake nayo yalikuwa jirani na mto: Winterbrook, Wallingford, karibu na Thames, nyumba waliyoinunua 1934. Ndiko alikofia Januari 1976.

Kwa hiyo ukifika Greenway, ambayo tangu 2000 iko mikononi mwa National Trust, shirika la Uingereza la kuhifadhi majumba ya kale, sema tu "hapa alikuwa akija likizo." Ukitaka kusema "alikaa hapa," ingoje Wallingford.