Yahtzee sio bahati tupu, na nusu ya "sheria" mnazogombania hazipo

Kila familia inayocheza Yahtzee, ule mchezo wa dadu, ina sheria zake na kila mtu anaapa za kwao ndo zenyewe. Kubwa kuliko zote ni hii ya eti mchezo ni bahati tupu, unarusha dadu tano unaandika basi. Sasa mbona yule yule ndo anawapiga kila siku? Kuna raundi 13 na visanduku 13, kila zamu unarusha mpaka mara tatu na kila kisanduku kinajazwa mara moja tu, kwa hiyo kazi iko kwenye kuamua dadu zipi zibaki na pointi uzipeleke wapi.

Halafu kuna wale wa "ukishaitenga dadu huigusi tena". Uongo mtupu. Tuseme mwanzo ulibakisha sita mbili, ukarusha zile tatu zikaja 3, 4 na 5. Hapo mfululizo mdogo (namba nne zinazofuatana) wa pointi 30 tayari unao, na hakuna anayekukataza kuokota sita moja ukairusha kutafuta mbili upate mfululizo mkubwa (tano zinazofuatana) wa 40. Ukiridhika na rusha ya kwanza pia unaandika, sio lazima umalize zote tatu.

Kwenye tatu zinazofanana nimeona watu wakijidhulumu wenyewe, wamepata 5, 5, 5, 6, 4 wanaandika 15. Unajumlisha dadu zote tano, hiyo ni 25! Fuli hausi (tatu za namba moja na mbili za nyingine) ndo ina 25 zisizobadilika, iwe ya moja na mbili au ya tano na sita. Anayekuambia fuli hausi inajumlishwa labda kajifunzia Yatzy ya Skandinavia, huko ndivyo, hata bonasi yao ya visanduku vya juu, vile vya moja hadi sita, ni 50, ila ule ni mchezo mwingine.

Kwetu bonasi ni 35 ukifikisha 63 kwenye visanduku hivyo vya juu, ambako unahesabu dadu za namba husika tu, na wengi wanadhani lazima upate tatu tatu za kila namba. Sio lazima, sita nne zinakufidia moja tatu au mbili tatu zilizopungua. Ila usiidharau, maana ukikomaa na namba moja rusha zote tatu, wastani unapata dadu kama 2.1 tu, yaani hiyo tatu yenyewe ni juu ya wastani.

Na "sita haijatoka muda mrefu, sasa lazima" naomba tuache, dadu haina kumbukumbu, ni moja kwa sita kila rusha. Yahtzee yenyewe, yaani dadu zote tano zifanane, kwa rusha moja ni 1 kati ya 1,296, kwa zamu nzima ukiifukuzia ni kama asilimia 4.6, hata ukiifukuzia zamu zote 13 (usifanye hivyo jamani) zaidi kidogo ya nusu ya mechi zako utatoka kapa.

La mwisho, sifuri. Huwezi kusema napita, kila zamu lazima uandike kitu, na watu wakibanwa wanaitupa sifuri kwenye kisanduku cha Yahtzee eti haiji. Ikija baadaye huna 50, na zile bonasi za 100 kwa kila Yahtzee ya ziada nazo zimekufa. Mimi nachoma kisanduku cha moja kwanza, kina pointi 5 tu hata zikija zote.