Amri ya 1897 na Asili za Watu: Ufafanuzi kwa Watumiaji wa Nyaraka

Kila inapokaribia Agosti 23, siku ya kimataifa ya kukumbuka biashara ya utumwa, wananchi wengi hufika kwetu, kwenye hifadhi ya nyaraka, kuulizia kumbukumbu za utumwa Zanzibar. Tunawakaribisha. Lakini yanazidi maombi ya kutafutiwa nani alikuwa mtumwa wa nani, na hilo linahitaji ufafanuzi.

Mkataba wa Juni 1873 kati ya Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, na Uingereza ulifunga soko la watumwa la Mkunazini mjini Unguja na kuzuia usafirishaji wa watumwa baharini. Aliyekuwa tayari shambani alibaki mtumwa. Tumeshalieleza hili mara nyingi, na bado mwaka huo unatajwa kuwa mwisho wa utumwa.

Amri ya kuuondoa utumwa kisheria ilitolewa na Sultani wa baadaye, Sayyid Hamoud bin Mohammed, Aprili 6, 1897. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuomba uhuru. Akikubaliwa, alitakiwa kuthibitisha ana makazi maalumu na njia ya kujipatia riziki. Akishindwa, alihesabiwa mzururaji. Kodi nayo ilimhusu. Fidia alilipwa bwana. Masuria waliachwa nje ya amri hadi 1909.

Ndiyo maana wengi hawakwenda mahakamani kabisa. Walibaki kwenye mashamba yale yale, wakalima mihogo chini ya mikarafuu ya bwana na kumpalilia shamba lake. Ardhi ilibaki mikononi mwa mabwana. Anayetafuta chanzo cha uhasama uliolipuka katika ghasia za uchaguzi za Juni 1961 na Mapinduzi ya Januari 1964 aanzie hapo, kisha aangalie namna serikali ya kikoloni ilivyowagawa watu kwa asili zao hata katika mgao wa chakula wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Asili zenyewe zilibadilika kwenye karatasi. Kati ya sensa ya 1924 na ya 1931, waliojiandikisha Waswahili walipungua mno, waliojiandikisha Wahadimu na Washirazi, majina ya wenyeji wa visiwa, wakaongezeka. Wala mabwana hawakuwa Waarabu peke yao. Waswahili nao walimiliki watumwa.

Kwa hiyo jalada la mahakama halithibitishi kabila la mtu wa leo. Msomaji ajaze fomu, aonyeshe kitambulisho na atumie penseli tu. Kuchana au kutoka na waraka ni kosa. Ombi la barua ya kuthibitisha kwamba jirani, mkwe au mpinzani wa kiwanja ni mjukuu wa mtumwa halitapokelewa.