Mchimbaji Haangalii Umetuma Shilingi Ngapi

"Fundi, huu mzigo ni wa milioni nne, mbona umewekwa foleni moja na vihela vya watoto?" Hapa Mwanga, Kigoma, swali hilo la watumaji wa Bitcoin, sarafu ya kidijitali, nimelichoka.

Dhana: muamala mkubwa hutangulizwa. Hapana, jamani. Pesa za simu zimetuzoesha kwamba ukituma nyingi unakatwa nyingi. Bitcoin haina ngazi hizo. Bloku, yaani furushi la miamala iliyothibitishwa, hupatikana kwa wastani wa kila dakika 10, nafasi yake ni kama baiti (kipimo cha ukubwa wa data) milioni moja tukihesabu kwa mtindo wa SegWit, maboresho ya Bitcoin yaliyobadili upimaji huo, na mchimbaji, yaani anayeunda bloku kwa kompyuta zake, anataka kila baiti imlipe. Programu yake hupanga miamala kwa ada ya satoshi (sehemu ndogo kabisa ya bitcoin) kwa baiti, wa juu kwanza, hadi bloku ijae. Kiasi unachotuma hakimo kabisa kwenye hesabu hiyo.

Kinachonenepesha muamala ni vipande, yaani malipo uliyopokea huko nyuma ambayo sasa unayatumia. Kijana mmoja anayechora nembo alilipwa vijisenti mara 20, kisha akavituma vyote kwa mkupuo. Kila kipande huongeza kama baiti 68, hivyo muamala wake ulifika karibu 1,430. Bwana wa milioni nne, mwenye kipande kimoja, anatumia kama 140. Kwa bei ya satoshi 10 kwa baiti, bwana analipa 1,400, kijana 14,300! Yeye aliweka 3,000 akadhani amemwaga hela, kumbe ni kama 2 tu kwa baiti. Unganisheni vipande foleni ikiwa nyepesi, wikendi mara nyingi, msingoje siku ya shida. Nasema hivi kila mara na hakuna anayefanya.

Dhana: aliyewahi huhudumiwa kwanza. Wapi. Zamani sarafu zilizokaa muda mrefu zilipewa upendeleo kidogo, ukaondolewa. Siku hizi wa ada ndogo hupitwa tu, na baada ya wiki 2 Bitcoin Core, programu kuu ya mtandao huo, kwa mipangilio ya kawaida huutupa muamala huo. Hela inabaki kwako.

Dhana: ukikwama ndiyo basi. Pochi nyingi, yaani programu za kutunzia bitcoin, hukuruhusu kuongeza ada. Hata mpokeaji anaweza kuitumia hela hiyo kabla haijathibitishwa, kwa ada nono: mtoto (muamala huo mpya) haingii kwenye bloku kabla ya mzazi (ule uliokwama), kwa hiyo mchimbaji huwapima pamoja. Yote hayo hufanyika ndani ya pochi yako mwenyewe. Anayekuomba maneno yako 12 ya siri ya kufungulia pochi ili "akuharakishie" ni mwizi, mbloku hapo hapo.