Kumwaga Ung'eng'e Si Kusoma: Dhana Potofu Kuhusu Kiingereza cha Chuo Kikuu

Nafundisha stadi za mawasiliano kwa mwaka wa kwanza katika chuo kikuu kimoja hapa Tanzania. Kila mwaka wanafunzi huja na imani zao kuhusu Kiingereza. Nyingine wamezitoa sekondari, nyingine nyumbani, na nyingine, nasikitika kusema, wamezipata kwetu sisi walimu. Zipo zinazowakosesha maksi, na zipo zinazowafanya wanyamaze miaka mitatu mizima.

Dhana: anayeongea vizuri ndiye anayekijua Kiingereza

Semina ya kwanza hujigawa yenyewe. Waliosoma shule za mchepuo wa Kiingereza huongea, waliotoka shule za kata huinamisha vichwa. Wiki ya sita, insha zinaporudishwa, mgawanyo ule huwa umevurugika. Kuna waongeaji hodari walioshindwa kueleza makala ya kurasa nane inadai nini, na kuna wanyamavu walioielewa barabara.

Mtaalamu Jim Cummins wa Kanada alilitenganisha jambo hili tangu 1979: lugha ya mazungumzo ya kila siku ni stadi moja, lugha ya kitaaluma ni nyingine. Watoto wahamiaji nchini humo walihitaji kama miaka miwili kuzungumza kwa wepesi, lakini mitano hadi saba kuwafikia wenzao katika lugha ya masomo. Na hao walizungukwa na Kiingereza asubuhi hadi jioni. Mwanafunzi wetu amekutana nacho zaidi kwenye notisi za kunakili ubaoni.

Ninaowahofia zaidi ni hao waongeaji, kwa sababu hakuna anayewaza kwamba wanahitaji msaada, hata wao wenyewe.

Dhana: wasomi wa zamani walikijua, kizazi hiki ndicho kimeharibika

Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walipima Kiingereza katika shule na vyuo vya Tanzania. Kwa upande wa chuo kikuu, waliona kuwa chini ya asilimia 20 ya wanafunzi waliopimwa wangeweza kusoma kwa wepesi hata vile vitabu rahisi vya masomo yao. Hiyo ni zaidi ya miaka 40 iliyopita, enzi ambazo nafasi za chuo kikuu zilikuwa chache mno na waliozipata walikuwa wamechujwa kweli kweli. Kijana anayeambiwa kizazi chake ni cha wazembe anabebeshwa mzigo uliokuwepo kabla hajazaliwa.

Dhana: shida ni sarufi, warudie nyakati za vitenzi

Sarufi ina nafasi yake. Ila wengi wao nyakati hizo wamefundishwa tangu darasa la tatu, na bado ukurasa wa kitabu cha Uchumi unawashinda. Kinachowaangusha kwanza ni msamiati. Mtafiti wa msamiati Paul Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba ili mtu asome gazeti au riwaya ya Kiingereza bila kusaidiwa, anahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000. Familia ni kama soma, somo, msomi na usomaji kuhesabiwa pamoja. Idadi hiyo inatisha, lakini kuna habari njema: Averil Coxhead alichapisha mwaka 2000 orodha ya familia 570 tu ambazo huchukua karibu neno moja katika kila kumi ya maandishi ya kitaaluma, ya fani mbalimbali. Humo mna "assume", "derive", "whereas". Mwanafunzi anayejifunza kumi kwa wiki anazimaliza kabla ya kuhitimu.

Kuna na vineno vidogo ambavyo havimo kwenye mtihani wowote wa sarufi. Mwandishi anasema jambo fulani "may contribute to" ugonjwa. Mwanafunzi anaandika kwamba "causes". Neno lililobeba "huenda" limeanguka njiani, na dai la tahadhari limegeuka kuwa uongo. Nikilionyesha hili darasani huwa kimya kinatanda, maana hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba neno dogo hivyo lina uzito.

Dhana: anayedesa ni mvivu

Wapo wavivu. Lakini nimekaa na wengi ofisini, karatasi mezani, nikamwuliza mmoja mmoja aya aliyoinakili ina maana gani. Mara nyingi ameisoma mara tano. Ameona sentensi nzuri kuliko yoyote anayoweza kuandika, akaogopa kuigusa. Huyo hahitaji kutishwa na programu ya kukagua wizi wa maandishi pekee. Anahitaji kufundishwa jinsi ya kusema jambo lile lile kwa maneno yake.

Ninachowafanyisha ni hiki. Soma aya, funika karatasi, mweleze mwenzako kwa Kiswahili inasema nini. Akikuuliza swali ukakwama, funua usome tena. Kisha andika sentensi tatu za Kiingereza bila kuchungulia. Sentensi huja fupi, zina makosa, na ni za mwanafunzi mwenyewe.

Dhana: Kiswahili ndicho kinachoharibu Kiingereza

Hapa ndipo wenzangu huanza kunipinga. Ni kweli "a-" yetu haitenganishi mwanamume na mwanamke, kwa hiyo "he" na "she" huchanganywa. Lakini kosa la "discuss about" ("discuss" haihitaji "about") tunalosukumiziwa sisi utalikuta pia India na Nigeria, ambako Kiswahili hakijawagusa.

Nenda kwenye vimbweta, yale mabenchi ya zege ya chuoni, jioni ya kuelekea mitihani. Slaidi ni za Kiingereza, mabishano ni ya Kiswahili, na hapo ndipo somo linapoeleweka. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imelea wanafunzi hadi shahada ya uzamivu kwa Kiswahili, hivyo lugha hii inaibeba fikra ngumu bila kuyumba. Kukinyamazisha kwa vibao vya "Speak English only" ni kumnyang'anya mwanafunzi chombo anachofikiria nacho, halafu kumlaumu kwamba hafikiri.

Dhana: umri umepita, na lafudhi ndiyo hiyo

Katika hatua za mwanzo watu wazima hujifunza msamiati na sarufi haraka kuliko watoto. Mtoto huwashinda baadaye, hasa katika matamshi. Na lafudhi ya Kisukuma au Kichaga haipunguzi maksi ya hoja iliyojengwa vizuri.

Dhana: kozi moja ya mwaka wa kwanza inatosha

Ukumbi una wanafunzi mia nne, mimi na maikrofoni. Uandishi haufundishwi hivyo. Hufundishwa kwa kuandika, kurudishiwa, na kuandika tena, na hakuna mwalimu awezaye kusahihisha insha mia nne kila wiki. Zaidi ya hapo, mimi sijui hoja ya kisheria hujengwaje wala ripoti ya maabara huanzaje. Mwalimu wa fani ndiye anayejua. Mwenzangu mmoja wa Bayolojia sasa hutenga dakika kumi za kila semina, anaonyesha aya moja ya makala ukutani na kuuliza maswali mawili, kwa lugha yoyote watakayojibu: waandishi hawa wanadai nini, na wana uhakika kiasi gani?