Takwimu za Maji ni za Nani? Migogoro ya Watafiti na Wanakijiji Usangu

Katika kazi yangu ya kuratibu tafiti shirikishi za maji wilayani Mbarali, nimeacha kuamini haraka ninapoambiwa kwamba wanakijiji wamegombana na watafiti wa chuo kwa sababu ya posho. Posho hutajwa kwanza kwa kuwa ndiyo inayosemeka mbele ya wageni. Nyuma yake mara nyingi lipo swali zito zaidi: takwimu zikishatoka kijijini, zitatumiwa dhidi ya nani?

Swali hilo lina historia. Tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na lawama zimewaangukia zaidi wakulima wa mpunga na wafugaji wa bonde la Usangu, walio upande wa juu wa mto. Kwa hiyo mtafiti anaposimika ubao wenye alama za sentimita kwenye banio, yaani kizuizi kinachoelekeza maji ya mto mferejini, yeye huona kifaa cha kufuatilia mwenendo wa mto, ilhali mkulima, ambaye Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inataka maji ya mfereji wake yawe na kibali, huona ushahidi unaokusanywa ili mgawo wake upunguzwe. Ripoti nyingi hupenda kuiita hofu hiyo uelewa mdogo. Mimi naiona kuwa hesabu nzuri ya mtu anayejua alikolaumiwa.

Katika skimu moja ya umwagiliaji ubao huo uling'olewa usiku. Watafiti walitaka kuhamia kijiji kingine, lakini tuliomba kwanza kuketi na viongozi wa jumuiya ya watumia maji, kwa kuwa kibali cha COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, humruhusu mtafiti kufanya utafiti, hakimpi ridhaa ya wenyeji. Ilikubaliwa, na kuandikwa kwenye muhtasari, kwamba msomaji wa kipimo atachaguliwa na jumuiya, kwamba daftari litakuwa na nakala mbili, moja ikibaki kwa katibu, na kwamba takwimu zitasomwa kwanza mbele ya wanachama.

Kipengele kilichotuchelewesha kilihusu matokeo yasiyowapendeza wanajumuiya. Baadhi yao walitaka haki ya kuyazuia, jambo ambalo nililipinga waziwazi, maana utafiti unaoweza kufutwa na mhusika hauwezi kumtetea hata siku atakapouhitaji. Hatimaye walikubali kwamba matokeo yatachapishwa yalivyo, na maelezo yao yatachapishwa kando yake, kwa maneno yao, bila kuhaririwa na chuo.