Kusahau si lazima iwe VVU
Wengi huamini kwamba mtu anayeishi na VVU akianza kusahausahau, basi virusi vimeshaharibu ubongo. Hofu hiyo naielewa. Lakini kipimo kifupi cha kumbukumbu na wepesi wa mkono kinachofanywa kliniki ni cha kuchuja tu, yaani kuona nani achunguzwe zaidi. Unatajiwa maneno manne uyashike, unagonganisha kidole gumba na cha shahada haraka haraka kwa sekunde 5, unarudia mfuatano wa mkono: ngumi, kiganja, ubavu. Kisha unaulizwa yale maneno. Jumla ni alama 12. Ukipata 10 au chini, unachunguzwa zaidi, hujahukumiwa. Usingizi mbovu, sonona na pombe pia hushusha alama. Usiache ARV kwa hofu, tafadhali. Zinasaidia kuulinda ubongo. Muulize mhudumu: nimelinganishwa na watu wa umri na elimu kama yangu?